ELIMU KWA WAKAZI: CHUMBA CHA DARINI NA MAHITAJI YA KIHAMI JOTO

Familia inapoongezeka na kiwanja kikabaki kilekile, mwenye nyumba huinua macho juu ya dari. Nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina paa lenye mteremko mkali, na chini ya kofia yake mna nafasi ambayo mtu mzima aweza kusimama bila kuinama. Mbao za sakafu, ngazi na dirisha moja huonekana kutosha kuigeuza nafasi hiyo kuwa chumba cha watoto. Hata hivyo, chumba hicho kikikamilishwa bila kihami joto, huwa tanuri saa saba mchana na jokofu saa kumi alfajiri.

Sababu yake ni bati lenyewe. Metali hupitisha joto kwa wepesi mkubwa, na bati lenye unene usiofika milimita moja halizuii chochote. Mchana hupokea joto la jua na kulimwaga chini kwa mnururisho, yaani bila kuhitaji kugusana na aliyelala chini yake. Usiku, hasa Juni na Julai mbingu zinapokuwa wazi, mwendo hugeuka: joto la chumba hupotelea juu, bati hupoa, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone yanayodondokea blanketi. Wengi hudhani paa linavuja, wakamwita fundi kuziba tundu lisilokuwapo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni mahali pa kuweka kihami. Katika nyumba isiyo na chumba cha juu, kihami hulazwa juu ya dari, na nafasi iliyo juu yake huhesabiwa kuwa nje. Nafasi hiyo ikifanywa chumba, mpaka wa nyumba huhama. Kihami sharti kifuate mteremko wa kenchi, kishuke kwenye kuta fupi za pembeni, na kifunike pia kuta mbili za pembetatu. Fundi anayeacha kihami chini ya sakafu mpya na kupigilia jipsamu tupu kwenye mteremko amewahami walio chini na kuwaacha watoto nje.

Jambo la pili ni unene. Chukua paa la mita za mraba 40, ndani kukiwa na nyuzi 18 na nje nyuzi 6. Kupitia bati tupu hupotea takriban wati 3,400, sawa na pasi tatu za umeme zinazowaka kwa pamoja. Ukiweka sufi ya kioo ya milimita 50, upotevu hushuka hadi kama wati 350. Ukiongeza milimita 50 nyingine, hushuka hadi kama wati 180. Hesabu hii haikuingiza mbao wala upepo unaopenya, lakini inaonesha wazi kwamba tabaka la kwanza ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Ushauri wa Uingereza wa kulaza sufi ya milimita 270 darini umetokana na baridi ya miezi mingi na gharama za kupasha nyumba joto. Si lazima mkazi wa huku auze ng'ombe ili aufuate.

Kati ya kihami na bati iachwe nafasi ya hewa ya milimita 50 hivi, yenye matundu kwenye ukingo wa paa na kwenye kofia, yaliyozibwa kwa wavu dhidi ya panya na popo. Chini ya kihami, upande wa chumba, litandazwe karatasi la nailoni lisilo na matobo ili mvuke usifike kwenye sufi. Sufi iliyolowa hupoteza kazi yake na kuozesha mbao. Anayetumia stairofomu kwa sababu ya bei asiiache wazi. Hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu, hivyo ifunikwe kikamilifu kwa jipsamu. Nyaya za umeme nazo zisizikwe ndani ya kihami, kwani waya uliozungukwa pande zote hushindwa kupoa, na uwezo wake wa kubeba umeme waweza kupungua hadi nusu. Plastiki ya waya ikigusana na stairofomu kwa muda mrefu pia huharibika.

Lipo jambo zito kuliko hayo. Chumba kilichohamiwa vizuri hakivuji joto, na mara nyingi hakivuji hewa pia. Jiko la mkaa likiingizwa humo usiku hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Hata jiko lililoachwa sebuleni chini huweza kupeleka gesi hiyo juu kupitia ngazi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Mkaa ukae nje ya nyumba hadi uzimike kabisa, na chumba kiwe na dirisha linalofunguka pamoja na tundu la hewa lisilozibwa kwa matambara wakati wa baridi.

Kabla ya msumari wa kwanza, mbao za dari zikaguliwe. Zilikusudiwa kubeba dari tu, ilhali sakafu ya chumba cha kuishi hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Kenchi zisikatwe ili kupanua nafasi bila ushauri wa mhandisi. Katika maeneo ya mipango miji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka uendelezaji uwe na kibali. Mkazi aanzie kwa Ofisa Mtendaji wa Kata, akiwa na mchoro wa nyumba unaoonesha ngazi, madirisha na unene wa kihami kinachokusudiwa, ili aelekezwe kwa mhandisi wa Halmashauri.