Watafiti wa Dhahabu Wakifika Kwenu: Ya Kuuliza Kabla Mashine Haijachoronga

Kampuni zinazotafuta dhahabu siku hizi hupenda kuanzia palipokuwa na kambi ya zamani: mashimo yaliyoota majani, nyumba za matofali za enzi ya Wabelgiji, vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa. Sababu yake inaeleweka. Wakoloni walifuata dhahabu ya mitoni na mishipa minene. Mwamba wenye gramu mbili au tatu kwa tani waliuacha, kwa kuwa haukuwalipa. Leo unaweza kulipa. Tena waliacha ramani na taarifa, nyingine zikiwa zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ndiyo maana mtafiti anaweza kufika akiwa analijua jina la kijito chenu kabla hajamsalimia chifu.

Mfano mkubwa zaidi nchini Kongo ni Kilo-Moto, kaskazini-mashariki. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliikuta dhahabu upande wa Ituri, na baada ya miaka miwili uchimbaji ukaanza. Baada ya uhuru migodi ikawa ya shirika la serikali, OKIMO, kisha mitambo ikachakaa na vita vikafika. Mwaka 1999, eneo likiwa mikononi mwa askari wa Uganda, mgodi wa chini kwa chini wa Gorumbwa uliporomoka baada ya nguzo za mwamba zilizoushikilia kulipuliwa kwa baruti ili itolewe dhahabu iliyokuwamo ndani yake. Aliyepita hapo wakati huo angeweza kusema pamekwisha. Hapakuwa pamekwisha. Miaka ya 2000 kampuni ya Moto Goldmines ilichoronga kandokando ya mashimo yaleyale. Mwaka 2009 kampuni za Randgold na AngloGold Ashanti ziliinunua, na Septemba 2013 mgodi wa Kibali ukatoa dhahabu yake ya kwanza. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo imo katika mwamba unaoitwa KCD, yaani Karagba, Chauffeur na Durba, majina ya machimbo ya zamani ambayo leo yanajulikana kuwa ni mwamba mmoja ulioinama kwenda chini. Familia zaidi ya elfu nne zilihamishwa kupisha mgodi, nyingi zikapelekwa makazi mapya ya Kokiza.

Msomaji wa Kabondo-Dianda, kwenye reli ya SNCC itokayo Lubumbashi kwenda Kamina, atauliza: ya Kilo-Moto yanatuhusu nini? Jimbo lake, Haut-Lomami, linajulikana kwa kasiteriti, koltani na makaa ya mawe ya Luena kuliko dhahabu. Lakini sheria ya madini ni moja nchi nzima, hatua za utafiti ni zilezile, na makosa wanayofanya wanakijiji siku za kwanza yanafanana kila mahali. Kosa kubwa ni kudhani kwamba utafiti ndio mgodi.

Kazi huanza kimyakimya. Ndege au droni hupita ikipima sumaku ya miamba. Vijana wenye GPS hutembea mstari mmoja hadi mwingine wakichota udongo kila baada ya mita kadhaa, na wengine huchukua mchanga wa mito. Hawatafuti kipande cha dhahabu. Wanatafuta chembe ambazo maabara pekee huziona, na mara nyingine wanapima aseniki kwa sababu madini hayo mawili hupenda kukaa pamoja. Palipo na dalili huchimbwa mtaro mrefu unaofika kwenye mwamba. Baada ya hapo ndipo mashine ya kuchoronga huletwa.

Uchorongaji ni wa namna mbili. Wa kwanza husaga mwamba na kuusukuma juu kwa hewa. Kila mita moja hujaza mfuko wa kilo ishirini hadi thelathini, mfuko unagawanywa, na kilo mbili au tatu hivi ndizo zinazokwenda maabara. Mifuko inayobaki hupangwa safu kwenye uwanja, na usiku wengine huiiba wakiamini ina dhahabu. Mingi haina kitu, na mwizi huwa amewaharibia wataalamu kumbukumbu ya shimo zima. Namna ya pili hutoa mche mzima wa jiwe, ambao mafundi huuita karoti. Ukipata nafasi ya kuona banda la karoti, ingia. Utakuta masanduku marefu yameandikwa namba ya shimo na kina, mstari wa rangi umechorwa juu ya jiwe, na msumeno wenye meno ya almasi unalipasua katikati. Nusu moja inasagwa na kupimwa, nusu nyingine inarudishwa sandukuni ili atakayetilia shaka aje aipime upya. Mkaguzi makini hutazama pia kama kati ya sampuli zimechanganywa zile zisizo na dhahabu kabisa, na zile ambazo kiasi chake kinajulikana tayari. Kwa njia hiyo maabara inayodanganya au kukosea hushikwa.

Matokeo yakisomwa mkutanoni, yatasomwa kwa gramu kwa tani. Piga hesabu mwenyewe. Mwamba wa gramu mbili kwa tani ukijaza lori la tani kumi utakuwa na gramu ishirini za dhahabu, ambazo zikiyeyushwa hazizidi sana ukubwa wa punje nono ya karanga. Ndiyo sababu kampuni inahitaji mamilioni ya tani kabla ya kujenga kitu, na ndiyo sababu mashimo mengi yanayochorongwa duniani hayazai mgodi wowote. Anayewaahidi vijana ajira elfu moja kwa sababu ya mashimo kumi, anawauzia ndoto.

Sasa hati. Kwa sheria ya 2002 iliyorekebishwa Machi 2018, mtafiti lazima awe na hati ya utafiti, ile ambayo ofisini huitwa PR, inayotolewa kupitia Kadasta ya Madini, CAMI. Inadumu miaka mitano na huongezwa mara moja tu kwa miaka mitano mingine. Inampa haki ya kutafuta na kuchukua sampuli, haimpi haki ya kuchimba na kuuza. Ombeni nakala, someni namba ya hati na jina la mwenye hati, kisha ulizeni Divisheni ya Madini ya jimbo kama namba hiyo ni hai na kama kijiji chenu kimo ndani ya mipaka yake. Ulizeni pia mpango wa kupunguza na kurekebisha madhara, PAR, ambao lazima uwe umekubaliwa kabla kazi haijaanza. Mtu anayejibu kwamba makaratasi yote yako Kinshasa, mwambieni mtamsubiri ayalete.

Kwa mwenye shamba, mambo mawili yana uzito. La kwanza, sheria hairuhusu kazi kufanywa chini ya mita 180 kutoka nyumba inayokaliwa, wala chini ya mita 45 kutoka shamba lililolimwa, bila ridhaa ya mwenyewe. Makaburi nayo yana ulinzi wake. La pili, ukinyimwa matumizi ya ardhi yako au ikiharibika isifae kwa kilimo, unastahili fidia ya haki: kodi ya ardhi hiyo, au thamani yake ikiongezwa nusu. Lakini anayedai miembe kumi na miwili lazima aoneshe kwamba ilikuwapo. Kabla mtaro haujachimbwa, tembeeni shambani pamoja na kampuni na mjumbe wa chifu, hesabuni miti na mihogo, pigeni picha, andikeni karatasi mbili zenye sahihi, moja ibaki kwako. Mimi naona kazi hii ya nusu siku ina faida kuliko mikutano mitano ya kupiga makofi.

Habari za gawio zisiwachanganye katika hatua hii. Ni kweli sheria inampa mchimbaji wajibu wa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa serikali ya mtaa, yaani sekta, uchifu au mji wenye mradi. Hayo yote huja mgodi ukianza kuuza. Mtafiti hauzi chochote, kwa hiyo hana mrabaha wa kugawa.

Wachimbaji wa mikono nao wana swali lao: tukikuta dalili, tuingie? Kadi ya mchimbaji hupewa Mkongomani aliye mtu mzima na mwanachama wa ushirika uliokubaliwa, na inatumika ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji wa mikono, ZEA, ambalo haliwekwi juu ya hati iliyo hai. Shirika la serikali la kuwasaidia ni SAEMAPE. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mashimo ya zamani yenyewe. Tarehe 11 Septemba 2020 huko Kamituga, kambi nyingine ya enzi ya ukoloni katika Kivu Kusini, mvua kubwa ilifunika mashimo na kuwaua watu hamsini hivi. Mbao za zamani huoza, maji hujaa mapango ambayo hayamo katika ramani yoyote, na hewa chini huweza kukosa oksijeni bila harufu wala dalili. Mchanga wa mabaki pia si salama kwa bustani ya mboga wala kwa watoto kuchezea, maana unaweza kuwa na aseniki, na palipooshwa kwa zebaki, zebaki imo. Anayechoma zebaki jikoni anaipulizia familia yake.

Mara nyingi kampuni huondoka bila kujenga mgodi. Hakikisheni hapo kwamba mitaro imefukiwa na udongo mweusi umerudishwa juu, mabomba ya mashimo yamekatwa na kufunikwa kwa saruji, mafuta yaliyomwagika yamezolewa, na madai ya mashamba yamelipwa. Piteni shimo kwa shimo mkiwa na orodha ya kampuni mkononi, nanyi mtie sahihi baada ya kuona shimo la mwisho.