Kidonda kimepona, mbona mgongo bado wauma?

Ulipasuliwa mgongo miezi minne iliyopita. Jamaa na majirani walifanya harambee, pesa zikapatikana, na kidonda kimefunga vizuri. Lakini hadi leo kiuno kinakuuma, mguu unawaka moto usiku, na kila mtu unayekutana naye katika soko la Karatina anauliza, "Sasa umepona?" Unaona haya kusema la. Unajibu kwamba umepona, kisha unashika jembe ili wasidhani pesa zao zilipotea bure.

Msomaji, hapo ndipo wagonjwa wengi hujiumiza. Maumivu yanayobaki si lazima yawe ishara kwamba upasuaji uliharibika, wala si uvivu.

Mbona yanakawia?

Ngozi huziba kwa majuma machache. Pingili zilizounganishwa kwa vyuma huhitaji miezi 6 hadi 12, pengine zaidi, kabla ya mfupa kushikana sawasawa. Neva iliyoharibika kwa kubanwa hukua upya takriban milimita moja tu kwa siku. Pima kutoka kiunoni hadi wayoni, nawe utaelewa kwa nini ganzi ya mguu huweza kudumu mwaka mzima na zaidi.

Aidha, maumivu yakizidi miezi mitatu, neva huwa kama mbwa wa boma lililowahi kuvamiwa na wezi: hubweka hata jani likianguka. Uchungu ni wa kweli, lakini si kila mara kuna madhara mapya.

Fanya kazi kwa kipimo

Kosa la kwanza ni kulala mchana kutwa, kwani misuli hudhoofika. La pili ni kumaliza kazi zote siku unayopata nafuu, kisha kulala siku tatu kwa uchungu. Tumia saa. Iwapo maumivu huzidi ukitembea dakika 10, tembea 7, pumzika, urudie baadaye. Baada ya siku chache ongeza dakika moja.

Usibebe kuni, kikapu cha majani chai wala mtungi wa lita 20 hadi daktari akuruhusu. Unapoamka, geukia ubavu, shusha miguu, kisha jiinue kwa mikono. Ukisafiri kutoka Nyeri kwenda kliniki Nairobi, safari ya kilomita 150 hivi, mwombe dereva mapema akuruhusu kushuka Sagana unyooshe miguu.

Wakati wa baridi ya Julai, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia. Usiiweke mahali penye ganzi, maana utaungua bila kujua. Hospitali za rufaa za Nyeri na Embu zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Waulize mazoezi yanayokufaa.

Dawa

Mtu mzima asizidishe tembe 8 za parasetamoli za miligramu 500 kwa siku. Diclofenac na ibuprofen zikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo, kwa hivyo usijinunulie tu dukani. Daktari akikupa amitriptyline, ambayo pia hutibu huzuni, usidhani anakuona mwenda wazimu. Kiasi kidogo usiku hutuliza neva. Sigara nayo hukawiza mfupa kushikana; iache.

Usingoje kesho

Nenda hospitali mara moja ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, ukipata ganzi katikati ya mapaja, mguu ukizidi kulegea, ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, au muundi ukivimba na kuuma.

Yasipokuwapo hayo, subira ni sehemu ya matibabu. Nao waliokuchangia, waambie ukweli: "Nawashukuru, naendelea, lakini bado siwezi kulima." Anayekupenda atachukua jembe hilo kwa msimu mmoja kuliko kukuchangia tena.