Kuchonga Picha Yenye Vivuli Kwenye Shaba: Uanzie Wapi Ukiwa Rhotia?

Magari ya watalii yaendayo Ngorongoro hupita Rhotia, wilayani Karatu, na wageni wengi hupenda kuondoka na kumbukumbu ndogo ya kubeba mkononi. Kidani cha shaba chenye uso wa nyati, mikunjo ya ngozi ikionekana, ni bidhaa nzuri ya kuwauzia. Kazi hii hufanyika kwa mkono na haihitaji umeme, ila inahitaji subira.

Je, kivuli hutokeaje kwenye chuma? Mchongaji hukata vidoti na mistari myembamba sana. Vikisongamana, jicho huona giza. Vikitawanyika, jicho huona mwanga. Mafundi wa Gardone Val Trompia, karibu na Brescia nchini Italia, hupamba bunduki za uwindaji kwa mtindo huu uitwao bulino, wakisukuma kalamu ya chuma kwa kiganja bila kutumia nyundo. Kupamba shaba si kugeni wilayani Karatu: wahunzi wa Kidatoga upande wa Ziwa Eyasi huyeyusha makufuli na koki kuukuu, wakafua bangili na kuzitia nakshi.

Uanze na chuma gani? Chukua shaba ya njano, ile ya makufuli na koki. Shaba nyekundu na alumini hung'ang'ania ncha ya kalamu, na chuma kisichoshika kutu ni kigumu mno kwa mwanafunzi. Waulize wauza skrepa wa Karatu mjini au Arusha kama wana bati bapa la shaba lenye unene wa milimita 2. Huuzwa kwa uzito, na bei hubadilika, kwa hiyo uliza sehemu mbili tatu. Kipande cha sentimita 5 kwa 5 kina gramu 40 hivi. Kilo moja itakupa vipande zaidi ya 20. Usichonge sarafu, kwani kuharibu fedha ni kosa kisheria. Usiyeyushe shaba ndani ya nyumba pia: moshi wake huleta homa na kubana kifua.

Kalamu utaipata wapi? Omba kwa fundi wa gereji biti ya drili iliyovunjika. Mlipe fundi mwenye mashine ya kunolea aisage iwe na pande nne, kisha aikate ncha yake kwa mshazari wa nyuzi 45. Chuma cha biti huvumilia joto la mashine; ukitumia tupa kuukuu badala yake, ikisagwa hadi kugeuka bluu hulegea na haifai. Chini ya ncha noa kisigino kifupi cha nyuzi 15 hadi 20, ili mkono uinuke na usikwaruze shaba. Tia mpini wa mti unaojaa kiganjani.

Unahitaji pia jiwe laini la kunolea, msasa namba 400, 600 na 1000, na miwani ya kusomea ya namba +3, ambayo itakuza picha na kukinga macho kwa kiasi dhidi ya vipande vinavyoruka. Kama fedha ni chache, anza na miwani hiyo. Kioo cha kukuzia chenye nguvu zaidi kitafuata baadaye.

Sasa andaa kipande. Kisugue kwa msasa kuanzia 400 hadi 1000, kisha kibandike kwa gundi juu ya kibao. Weka kibao juu ya mfuko mdogo wa jinzi uliojazwa mchanga laini. Ukichonga mstari wa mviringo, zungusha kibao, mkono utulie. Kaa karibu na dirisha na utundike kitambaa cheupe ili mwanga using'arishe shaba. Mkono ulioshika kibao ubaki nyuma ya ncha daima, kwa sababu kalamu ikiteleza hukata vibaya.

Zoezi la kwanza lisiwe picha. Chora visanduku vitano vya sentimita moja moja. Cha kwanza kiache kitupu. Cha pili tia vidoti vilivyoachana, cha tatu na cha nne uvisogeze zaidi, na cha tano kijaze mistari inayokatana. Usiongeze nguvu ili kupata giza. Ongeza idadi ya vidoti. Kalamu ikianza kuteleza au kurarua shaba, inoe upya.

Ukimaliza, pitisha msasa wa 1000 kwa wepesi kuondoa vinyuzi vya chuma. Sugua rangi nyeusi ya mafuta, kisha ufute juu. Itakayobaki kwenye mikato itaonyesha kivuli. Nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa shaba ya koki nyingi ina risasi ndani yake.

Visanduku vitano vikifuatana sawasawa kutoka mwangaza hadi giza, paka kipande kingine rangi nyeupe ya maji iliyo nyepesi, acha ikauke, uchore jicho la mnyama kwa penseli, kisha uchonge.

Ukitaka mwalimu, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha ukataji wa vito na usonara. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Arusha na huwashauri wajasiriamali. Uliza ada na tarehe za mafunzo kabla ya kulipa nauli. Ukienda Eyasi kwa wahunzi, kubaliana nao malipo kwanza. Muda wao ni kazi yao.

Usiuze kipande cha kwanza. Kihifadhi, chonga vingine, na upange bei siku mtu asiyekujua atakapomtambua mnyama bila kuambiwa.