Kocha wa Mbali Atakujuaje?

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini mwanariadha wa Migori au Homa Bay atajiuzaje, na kocha wa chuo cha Marekani hamwoni? Mwaka wa 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81. Makocha wa huko wanawajua Wakenya, ila wewe hawakujui.

Kwanza, andika daftarini muda wako wa kila mashindano, tarehe na mahali, mwalimu wa michezo atie sahihi. Pili, waandikie makocha barua mwenyewe. Usingoje wakala wa kuitisha pesa. Tatu, shika vitabu, kwani chuo hakichukui miguu peke yake. Wenzangu wa shule za kutwa, kila asubuhi tunakimbia kuwahi kengele. Kasi tunayo, tuiandike!