Siri yangu imevuja kutoka kundi la wagonjwa

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Rafiki aliniunganisha na kundi la WhatsApp la wagonjwa, nikatuma picha ya majibu ya maabara wanisaidie kuyasoma. Wiki mbili baadaye mzazi wa mwanafunzi wangu akaniuliza, "Mwalimu, ini linaendeleaje?" Hata mume wangu sijamwambia. Nijitoe kundini?*

Pole mwanangu. Kujitoa unaweza, ila ulichotuma kinabaki kwenye simu za wenzako, na muda wa kukifutia watu wote, ambao ni kama siku mbili tu, umepita. Mwandikie msimamizi pembeni, umwombe awatake wanakundi waifute ile picha. Wengi wataifuta.

Watu hujiona salama kwa kuwa WhatsApp huufunga ujumbe njiani, mtu wa nje asiusome. Ni kweli, lakini aliyekutangaza yumo ndani, amekaa kimya, hajawahi kuandika hata "amina". Wala hakuhitaji utaalamu kukutambua. Laini zetu hapa Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Mtu akijifanya anakutumia elfu moja kwa simu, kwa namba yako ya kundini, jina lako linamtokea kabla fedha haijatoka. Anaghairi, jina anabaki nalo. Wewe ukamwongezea karatasi yenye umri, namba ya faili na hospitali!

Sisemi uache kuuliza. Mgonjwa mwenzako hukwambia mambo ambayo daktari mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kuyaeleza. Ila rudi na laini ya pili ambayo hukuifungulia huduma ya fedha, usiweke picha yako, na jina liwe la kubuni. Majibu usiyapige picha; andika kipimo na kiwango, basi. Na angalia unavyojieleza: "mwalimu wa kike aliyehamia juzi kutoka Tabora" ni jina tosha kwa anayekujua. Sema "mwanamke wa Kanda ya Ziwa". Wanaokimbilia Facebook kuandika bila jina nao wajue kwamba wasimamizi wa kundi wanaliona.

Yule mzazi usimkanushie, usimkubalie. Mwambie, "Asante kwa kunijulia hali, mambo ya afya yangu naongea na daktari," kisha muulize mtoto anaendeleaje na hesabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Lakini sheria hiyo inawalenga zaidi wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na kumpata mmoja aliyenong'ona katika kundi la mamia ni kazi. Kama ingekuwa hospitali iliyoyavujisha majibu yako, ningekwambia uende kwenye Tume kesho asubuhi.

Kuhusu mume wako sikubembelezi. Virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Si kwa sahani, salamu wala chaki. Mzazi wa mwanafunzi hana haki ya kujua. Mume wako anayo, maana mwili wake umo hatarini na chanjo ipo. Mwambie kabla hajaambiwa na jirani, mwende mkapime pamoja, na watoto pia. Kama hana virusi na hana kinga, achanjwe.

Nanyi wasimamizi wa makundi ya wagonjwa mnaosoma hapa: katazeni picha za majibu, mhojini mtu kabla ya kumwingiza, na ile linki ya mwaliko iliyozunguka mjini ibadilisheni leo.