Straiki Kwanza, Dawa Baadaye: Vidokezo vya Jioni ya Bolingi

Kila ofisi Nairobi ina kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya kutoka Ijumaa, na ambalo halijawahi kutoka Ijumaa yoyote. Mmoja anaandika "wikendi hii lazima", kumi wanajibu kwa vidole gumba, kisha kimya. Na siku kundi likibahatika kutoka, huishia kwenye meza ndefu ndani ya baa yenye muziki wa kupasua masikio, kila mtu akiongea na jirani yake wa kulia tu na simu yake.

Bolingi inatibu hali hiyo vizuri kuliko karaoke, kwa maoni yangu. Aliye mwoga wa kuimba ana la kufanya, mwongeaji ana hadhira, na bosi wa idara hana uwezo wowote wa ziada kuliko kijana aliyekuja mafunzo ya kazi mwezi uliopita. Wote wawili watatupa mpira kwenye mfereji. Ila jioni hii haijipangi yenyewe, hasa ikiwa mnataka na kokteli juu yake. Vidokezo hivi ni vya kundi la watu sita hadi kumi na wawili.

1. Apatikane mtu mmoja wa kuamua

Usiulize kundi "twende lini?" Utapata majibu kumi na moja na tarehe sifuri. Toa siku mbili, waombe wapige kura hadi Jumatano saa sita mchana, kisha tangaza. Atakayelalamika baadaye alikuwa na nafasi yake. Kuhusu siku yenyewe, epuka Ijumaa ya mwisho wa mwezi: mshahara umeingia, mji mzima uko nje, na barabara hazipitiki. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo ina utulivu zaidi, na Jumamosi alasiri ndiyo bora kwa wenye watoto wadogo nyumbani.

2. Piga hesabu ya saa kabla ya kuweka nafasi

Hapa ndipo wengi huharibu. Mchezo mmoja wa bolingi una raundi kumi, na kadirio la kawaida ni dakika 10 kwa kila mchezaji. Watu wanane kwenye njia moja ni saa moja na dakika ishirini kwa mchezo mmoja tu, na kati ya zamu yako na inayofuata unaweza kumaliza kusoma gazeti. Watu hao hao wanane wakigawanywa njia mbili zilizo jirani, mchezo unaisha kwa dakika arobaini hivi, na hakuna anayepoa. Kwa hiyo omba njia mbili, zipakane, na michezo miwili. Mchezo wa kwanza ni wa kujifunza na kuchekana. Wa pili ndio wenye ushindani. Wa tatu hauhitajiki, maana mikono inakuwa imechoka na nusu ya kundi inaangalia menyu.

Kwa Nairobi, mahali panapojulikana ni Village Market kule Gigiri, kwenye barabara ya Limuru. Matatu za Ruaka na Banana zinapita hapo, kwa hiyo asiye na gari hana kisingizio. Piga simu siku chache kabla uulize bei ya siku hiyo, kama bei ni ya mchezo au ya saa, na kama viatu vimo ndani ya bei. Kisha waambie wenzako mnakutana nusu saa kabla ya muda halisi. Mnajuana.

3. Mchango uingie kabla, vinywaji kila mtu na chake

Bei ya njia, viatu na chakula cha pamoja igawanywe sawa, na itumwe kwa M-Pesa kwa mweka hazina siku mbili kabla. Asiyetuma hahesabiwi, hiyo ndiyo sheria na isiwe na huruma, kwa sababu aliyeweka nafasi ndiye atakayelipia kiti kitupu. Vinywaji viwe bili tofauti, kila mtu na yake. Desturi ya "tugawane tu sawa" mwisho wa usiku inaonekana ya kiungwana, lakini ukiitazama kwa karibu utakuta aliyekunywa soda mbili anamlipia aliyekunywa kokteli tano. Ndiye atakayekosa kuja safari ijayo, na hatasema kwa nini.

4. Soksi

Viatu vya bolingi vinakodishwa pale pale, na vimevaliwa na wengi kabla yako. Njoo na soksi zako. Ukivaa ndala siku hiyo, weka soksi mkobani.

5. Chagua mpira unaokufaa, si unaokusifu

Nambari iliyoandikwa juu ya mpira ni uzito kwa ratili. Mzito kabisa unaoruhusiwa ni 16, sawa na kilo 7 na zaidi kidogo. Wanaume wengi huukimbilia huo huo, wakaurusha mara tatu kwa fahari, na kufikia raundi ya tano mpira unawaburuta wao. Kanuni inayotumiwa sana ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wako, na kwa anayeanza, punguza hata hapo. Mpira wa 10 au 12 unawatosha watu wazima wengi.

Vidole vinavyoingia ni gumba, cha kati na cha pete. Vishimo vikibana, gumba litakwama wakati wa kuachia na mpira utaruka juu kabla ya kutua kwa kishindo. Vikipwaya, utaubana kwa nguvu hadi mkono uanze kuuma. Wenye kucha ndefu za bandia wana shida halali hapa, kwani ukucha wa elfu mbili unaweza kuondoka na mpira. Suluhisho lipo: shika kwa mikono miwili na urushe. Jason Belmonte wa Australia, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu duniani, hurusha kwa mikono miwili, kwa hiyo asikucheke mtu.

Na usitazame pini. Ziko mbali, zaidi ya mita 18 kutoka mstari wa kurushia. Tazama mishale saba iliyochorwa sakafuni karibu yako, na upitishe mpira juu ya wa pili kutoka kulia kama unatumia mkono wa kulia. Mwenye shoto ahesabu kutoka kushoto. Kidokezo hiki kimoja kitakupandisha juu ya nusu ya wenzako usiku huo huo.

6. Timu zichanganywe kwa makusudi

Mkiachwa mjichague, uhasibu watakaa na uhasibu na mauzo na mauzo, na jioni itakuwa mkutano wa idara wenye viatu vya kukodi. Andika majina kwenye vikaratasi, yatumbukizwe kwenye kofia, yavutwe. Wanandoa watenganishwe, kwa faida yao. Kama kuna bingwa aliyecheza Dubai au Johannesburg na anataka kila mtu ajue, mpe timu iliyo dhaifu kuliko zote aifundishe.

Majina yanayoandikwa kwenye skrini yasiwe ya kwenye kitambulisho. Kila mtu ampe jirani yake jina la utani, lenye adabu ya kutosha kuonekana na meza ya pili. Mzaha huu mdogo huvunja aibu haraka kuliko kinywaji chochote.

7. Elewa pointi, angalau juu juu

Kompyuta inahesabu yenyewe, lakini mchezo unanoga ukijua kwa nini jirani yako amekupita. Kila raundi una mirusho miwili ya kuangusha pini kumi. Zote zikianguka kwa mrusho wa kwanza ni straiki: unapata 10, pamoja na chochote utakachoangusha kwa mirusho miwili inayofuata. Zikimalizikia mrusho wa pili ni speya: 10 pamoja na mrusho mmoja unaofuata. Chukua mfano. Umepiga straiki raundi ya kwanza, raundi ya pili ukaangusha 6 kisha 3. Raundi ya kwanza inakuwa 19, ya pili 9, jumla 28. Ndiyo maana mtu anaweza kuongoza hadi raundi ya nane na kupitwa na mwenzake aliyepiga straiki tatu mfululizo. Alama kamilifu ni 300, nazo zinahitaji straiki 12 bila kukosea. Kundi lenu likifikisha 100 kwa mtu, shangilieni.

8. Mchezo kwanza, kileo baadaye

Najua wapo watakaopinga. Lakini fikiria kinachofanyika pale: mtu anatembea hatua nne huku akibembeza kitu cha kilo tano, kwenye sakafu laini, akiwa amevaa viatu vyenye soli iliyotengenezwa kwa makusudi iteleze. Tone moja la kokteli likidondoka njiani na mtu akalikanyaga, soli iliyokuwa ikiteleza inang'ang'ania sakafu ghafla, mguu unasimama na mwili unaendelea mbele. Kwa hiyo glasi zote zibaki kwenye meza ya nyuma, na hakuna anayepanda kurusha akiwa na kinywaji mkononi, hata cha soda. Mstari wa kurushia pia usivukwe: ng'ambo yake mbao zimepakwa mafuta, na hapo hakuna aliye mwepesi wa miguu.

Utaratibu ninaoupenda ni huu: mchezo wa kwanza maji na soda, wa pili kinywaji kimoja kwa anayetaka, halafu viatu virudishwe na kokteli zianze rasmi, kwa kukaa. Mnapohamia mezani tayari mna la kuzungumza: nani aliangusha pini za njia ya jirani, nani alicheza dansi kwa sababu ya pini mbili.

9. Aina mbili za kokteli, zisizidi

Watu kumi wakiagiza kokteli kumi tofauti, mhudumu wa baa atachanganya, atapima, atatikisa, na wa kumi atapata chake wa kwanza akiwa amemaliza. Kubalianeni mbili za kuanzia. Ya kwanza iwe dawa, maana ni yetu. Ilipata umaarufu Carnivore, mkahawa wa nyama choma wa Lang'ata uliofunguliwa 1980: vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa kwenye asali ambacho unapondea ndimu mwenyewe. Unavyoponda zaidi ndivyo inavyokuwa tamu, kwa hiyo usiinywe kabla ya kuisumbua. Taja wazi kuwa unataka ya baridi ya baa, kwa sababu mikahawa mingi ya Nairobi itakuletea ile ya moto ya tangawizi, ndimu na asali, nzuri sana kwa mafua.

Ya pili iwe ndefu na nyepesi: rumu au jini yenye soda, mnanaa na ndimu. Vinywaji vya rangi ya bluu waachie wanaosherehekea miaka 21.

10. Asiyekunywa asiwe mgeni

Katika kundi lolote la hapa kwetu kuna asiyekunywa kwa dini, aliye kwenye dawa za hospitali, mjamzito ambaye bado hajatangaza, na aliyeamua tu. Usimuulize sababu. Muulize mhudumu mapema kama anaweza kutengeneza mojito isiyo na kileo, au juisi ya ukwaju au pasheni yenye mnanaa, na iletwe kwenye glasi ile ile nzuri, si kwenye chupa ya plastiki. Dau la timu itakayoshindwa pia lisiwe raundi ya pombe. Iwe sahani ya bhajia, ambayo kila mtu anaila. Na kama ni mwezi wa Ramadhani na kuna waliofunga, anzeni baada ya futari au hamisheni hadi baada ya Idi.

11. Chakula cha uma, nyama ipangwe mapema

Kuku wa kukaanga na mpira wa bolingi havipatani. Vidole vikishika mafuta, vishimo vinateleza na mpira unaenda unakotaka wenyewe. Wakati wa mchezo iwe sambusa ndogo za vijiti, njugu, matunda yaliyokatwa, na karatasi za kupangusia ziwe tele. Nyama choma iliwe baadaye. Inachukua muda mrefu jikoni, kwa hiyo agizeni mchezo wa pili unapoanza, ili mkivua viatu iwe inakatwakatwa ubaoni. Kokteli juu ya tumbo tupu humaliza jioni saa mbili kabla ya wakati wake.

12. Safari ya kurudi ipangwe mkiwa na akili timamu

Chora nani anaenda upande gani: Thika Road, Ngong Road, Mombasa Road, Waiyaki Way. Wa upande mmoja wapande teksi moja wagawane nauli, na wa mwisho kushuka aandike kwenye kundi kwamba amefika. Mkienda na magari yenu, dereva wa kila gari ajulikane kabla ya mchezo kuanza, na usiku huo anywe soda. Wenzake wamlipie zote na chakula pia, ni haki yake. Polisi wenye kipimo cha kupulizia hawasikilizi hadithi ya "nimekunywa moja tu", na barabara haisikilizi kabisa. Kwa hiyo kabla ya glasi ya kwanza kufika mezani, funguo za magari ziwe tayari mifukoni mwa wasiokunywa.