Mfumo wa Jua kwenye Reli ya Kati



Wanafunzi wengi hukariri majina ya sayari nane, wakajibu mtihani, yakaishia hapo. Umbali wake hauwaingii akilini, kwa sababu michoro ya vitabuni huzipanga sayari zikikaribiana kama shanga kwenye uzi. Sisi wa Tabora tunacho kipimo kizuri zaidi, nacho ni njia.

Njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji ilipita hapa. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika walitoka Bagamoyo wakafika Tabora, kisha wakagawanyika: wengine kuelekea Ziwa Nyanza, wengine Ziwa Tanganyika. Baadaye reli ilifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni yapata kilomita 1,250.

Basi tuliweke Jua Dar es Salaam, na Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote, Kigoma. Kilomita 1 ya reli itawakilisha kilomita milioni 3.6 za angani.

Jua lenyewe litakuwa tufe lenye upana wa mita 390 hivi. Tukiondoka, tutaikuta Utaridi kwenye kilomita 16, Zuhura 30, Dunia yetu 42, na Mirihi 63. Hizi nne ni sayari za mwamba. Mshtarii, kubwa kuliko zote, iko kilomita 216, tukishaipita Morogoro kidogo. Zohali yenye pete iko kilomita 397, kabla ya Dodoma. Kisha tunasafiri kilomita 400 bila kukuta sayari yoyote, hadi Uranusi, kwenye kilomita 797, tukiwa tumekaribia Tabora. Neptuni inatungoja mwisho wa reli. Pluto tunaiacha, kwa kuwa tangu mwaka 2006 inahesabiwa kuwa sayari kibete.

Na Dunia? Kwa kipimo hiki ina upana wa mita 3.5, sawa na chumba kidogo. Mwezi uko mita 107 kutoka hapo, kama urefu wa uwanja wa mpira. Safari ndefu kuliko zote za binadamu angani imeishia jirani na Mwezi. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 hivi, lakini hadi Neptuni huchukua zaidi ya saa 4.

Hapo ndipo wanaparokia huuliza: ikiwa sisi ni chumba kimoja kwenye reli yote hiyo, Mungu atatukumbukaje? Swali hili si geni. Zaburi ya 8 inaliuliza, na mtunzi wake alikuwa akiutazama mwezi na nyota. Hakupunguza ukubwa wa anga ili apate faraja. Alishangaa kwamba Mungu anamjali mtu hata hivyo. Nasi tuongeze kwamba ukubwa na thamani ni vitu viwili. Mama hampendi mwanawe kwa kilo zake. Tena, katika reli yote tuliyoipita, ni ndani ya chumba hicho kidogo tu ndimo tunamojua kwamba yumo mtu anayeipima.

Kwa hiyo tusimlazimishe mwanafunzi achague kati ya daftari la jiografia na katekisimu. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa kwa kufundisha kwamba Dunia inalizunguka Jua. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Ukweli wa angani na ukweli wa imani vina chanzo kimoja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogondogo:

1. Katika kipimo hiki, kati ya Mirihi na Mshtarii kuna kilomita ngapi?
2. Kijana akisema, "Sayansi imenitoa kanisani," tutaanzaje kumsikiliza?